Tumehamia Jengo la Pili: Maoni Yangu Kuhusu Simlinki

Ni muda sijaandika hapa, kazi zimenibana kidogo. Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo dogo ambalo kila fundi wa seva amelifanya angalau mara moja, mara nyingi usiku, mara nyingi akiwa amekasirika: kuhamisha folda iliyojaa kutoka diski ndogo hadi diski kubwa, halafu kuacha simlinki mahali pa zamani ili programu isijue kwamba kuna kitu kimebadilika.

Najua kuna mafundi wanaodharau jambo hili. Wanasema simlinki ni kiraka, na kwamba seva iliyopangwa vizuri haihitaji viraka. Kuna wengine wanaozipanda simlinki kila kona kama mahindi na kuendelea na safari. Mimi nilikuwa katika kundi la pili mpaka mwaka 2018, na nitawaeleza kilichonitoa huko. Maoni yangu leo ni kwamba simlinki ni chombo kizuri na halali kabisa, lakini anayeiweka anachukua deni, na deni lenyewe hulipwa mahali ambapo wengi hatuangalii: kwenye bekapu.

Kwanza nieleze simlinki ni nini, kwa wale ambao hawajakutana nayo. Ukipita katikati ya Nairobi utaona milango ya maduka iliyofungwa, na juu yake karatasi imebandikwa: TUMEHAMIA JENGO LA PILI, GHOROFA YA KWANZA. Mteja akifika anasoma, anageuka, anapanda ngazi, anahudumiwa. Duka lilikuwa dogo, mali imeongezeka, mwenye duka amepata nafasi kubwa zaidi, na wateja wake hawajapotea. Simlinki ni hiyo karatasi. Ni faili ndogo sana ambayo ndani yake hamna kitu isipokuwa anwani. Katika mfumo wa faili wa ext4, anwani ikiwa chini ya baiti 60 haitumii hata nafasi ya kawaida kwenye diski; inaandikwa ndani ya ainodi yenyewe. Programu ikiomba /var/www/mikopo/hati, kerneli ya Linux inasoma anwani, inaenda /data/hati, na programu haijui kwamba imepandishwa ngazi.

Viungo vya aina hii viliingia katika Unix ya Berkeley na kutoka na toleo la 4.2BSD mwaka 1983. Kabla ya hapo kulikuwa na viungo vya kawaida tu, vile vinavyoipa faili moja majina mawili, na hivyo haviwezi kuvuka kutoka diski moja hadi nyingine. Simlinki inaweza, kwa sababu inabeba jina tu. Ndiyo maana ndiyo inayotufaa diski ikijaa.

Sasa kisa chenyewe. Kuna sacco moja ya wakulima ambayo nilikuwa naitunzia seva. Sitaitaja jina. Seva ilikaa kwenye kabati nyuma ya ofisi ya karani, ikiwa na diski moja ya gigabaiti 250. Mfumo wa mikopo ulikuwa umeandikwa kwa PHP na kijana ambaye baadaye alienda ng'ambo na hakuacha hata namba ya simu. Kila mwanachama akiomba mkopo, makarani walikuwa wanaskani fomu, kitambulisho, na sahihi za wadhamini, na zote zikaingia folda moja iliyoitwa hati.

Mnamo Machi 2018, siku ya Ijumaa, meneja akanipigia simu. "Fundi, mashine imekataa kuchukua fomu. Na watu wako kwenye foleni." Nikaingia kwa mbali, nikaandika df -h, nikaona asilimia 100. Folda ya hati peke yake ilikuwa gigabaiti 190.

Jumamosi nilienda huko na diski mpya ya terabaiti mbili. Nikaifunga ndani ya mashine, nikaimaunti kwenye /data, nikanakili hati zote, nikaweka simlinki. Saa nane mchana makarani walikuwa wanaskani tena. Meneja alinishukuru, nikapewa chai na mandazi, nikarudi Nairobi nikijiona bingwa.

Kila usiku seva hiyo ilikuwa na skripti ya bekapu. Ilifanya mambo mawili: ilitoa nakala ya hifadhidata kwa mysqldump, halafu ikafunga folda nzima ya /var/www kwa tar na kuiweka kwenye diski ya nje ya USB. Zilitunzwa nakala 14 za mwisho, na ya kumi na tano ilifuta ya kwanza. Kabla ya kuhamisha, kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili na nusu. Baada ya kuhamisha ilichukua dakika mbili. Kila asubuhi barua pepe ilikuja: bekapu imekamilika, hakuna kosa. Mimi nilidhani diski mpya ni ya kasi.

Mnaona tayari kilichotokea. Tar, usipoiambia vingine, ikikutana na simlinki haipandi ngazi. Inachukua karatasi iliyobandikwa mlangoni, inaikunja vizuri, inaiweka kwenye sanduku, na kusema kazi imekwisha. Kwa upande wake haikukosea. Niliiambia ihifadhi /var/www, na ndani ya /var/www kulikuwa na karatasi. Baada ya siku 14, nakala ya mwisho iliyokuwa na fomu halisi ilifutwa na skripti niliyoiandika mwenyewe.

Mnamo Oktoba mwaka huo huo, diski ya terabaiti mbili ilianza kutoa mlio wa tik-tik. Sacco ilikuwa imeajiri kijana wa IT, mtu makini. Alifungua bekapu kabla ya kunipigia. Maneno yake nayakumbuka: "Mzee, samahani, lakini hii folda ya hati kwenye bekapu si folda. Ni mshale tu."

Tuliitoa ile diski, tukaisomesha kwa ddrescue siku tatu usiku na mchana. Faili zilizokuwemo zilikuwa zaidi ya elfu arobaini. Karibu elfu mbili hazikurudi. Nyingi kati ya hizo zilikuwa na karatasi zake stoo, na makarani walikaa wiki tatu wakiskani upya badala ya kuhudumia watu. Lakini kulikuwa na mikopo ambayo karatasi zake zilikuwa zimeliwa na panya au kupotea tu, na wadhamini wake ilibidi waitwe kutoka mashambani kuja kutia sahihi tena. Fikiria wewe ni mdhamini wa shemeji yako ambaye ameacha kulipa, halafu sacco inakuita ikuombe utie sahihi upya. Wengine walikuja. Wengine hawakuja. Kosa lilikuwa langu, na nusu ya malipo yangu ya mwaka ule niliiacha huko huko bila kuulizwa.

Tangu siku hiyo nimesikia mafundi wengi wakisema: "Ungetumia LVM tangu mwanzo." Ni kweli. Diski zikiwa chini ya LVM, unaongeza diski mpya, unaandika lvextend -r, na mfumo wa faili unapanuka huku watu wanaendelea na kazi. Na kama seva yako iko kwenye wingu, mambo ni rahisi zaidi. Amazon kwa mfano iliruhusu kukuza diski za EBS bila kuzima mashine tangu mwaka 2017. Unaipanua, unaandika growpart kisha resize2fs, unalala. Hapo sioni sababu ya kucheza na simlinki hata kidogo.

Pia, kama programu ina mpangilio wake wa kuchagua mahali pa kuweka data, tumia huo kwanza. MariaDB na MySQL zina datadir. Docker ina data-root katika faili ya daemon.json. Mpangilio ulioandikwa katika faili ya programu husomwa na atakayekuja baada yako, na programu yenyewe inajua iko wapi.

Lakini mafundi wa LVM huwa wananiudhi kidogo, niseme ukweli. Wanazungumza kana kwamba kila seva ilipangwa na mtu mwenye muda na bajeti. Seva nyingi ninazokutana nazo hapa kwetu zilisimikwa na mtu aliyebonyeza "endelea, endelea, endelea", patisheni moja kwa kila kitu, na programu ambayo njia ya folda imeandikwa ndani ya msimbo mahali kumi na saba. Mwandishi hayuko. Foleni iko mlangoni. Kuisimika upya seva hiyo ni kazi ya siku mbili, na meneja anakupa saa tatu. Hapo simlinki ni uamuzi wa mtu mzima. Hata walioandika programu kubwa wanaitumia: PostgreSQL ikiwekewa tablespace kwenye diski nyingine, inaweka simlinki katika folda yake ya pg_tblspc. Na ukiiambia initdb iweke faili za WAL mahali pengine kwa chaguo la --waldir, nayo inaacha simlinki. Hakuna anayesema PostgreSQL ni kazi ya kiraka.

Tena, tukirudi nyuma, tatizo hili ni la zamani kuliko wengi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Unix ilipokuwa ikikua pale Bell Labs kwenye mashine za PDP-11, diski ya kwanza haikutosha. Folda za watumiaji zilikuwa kwenye diski nyingine, chini ya /usr, na sehemu ya mfumo ikamwagikia huko pia. Ndiyo sababu kwa miongo tulikuwa na /bin na /usr/bin, na wanafunzi wakawa wanakariri tofauti zake kama aya. Kwa hiyo folda mbili ambazo dunia nzima ilizirithi zilitokana na diski kujaa. Zilirudishwa kuwa moja vipi? Fedora 17 ya mwaka 2012 iliigeuza /bin kuwa simlinki inayoelekea usr/bin, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikaufanya mpangilio huo kuwa wa lazima. Kama seva yako ni mojawapo ya hizo, tayari unaishi juu ya simlinki kila ukiandika ls.

Kisa hicho kina funzo moja linaloniogopesha: suluhisho la dharura la diski iliyojaa lilidumu miaka arobaini. Kwa hiyo ukiweka simlinki Jumamosi mchana, usijidanganye kwamba utarudi Jumatatu kuipanga vizuri. Iweke kama kitu kitakachokuzika.

Basi ninaiwekaje siku hizi? Nitaeleza kwa ufupi, na mahali penye mashimo nitapunguza mwendo.

Kabla ya kuhamisha chochote, hakikisha unajua kilichojaza diski. Andika:

du -xh --max-depth=1 /var | sort -h

Mara nyingi utakuta ni faili za logi ambazo hakuna anayezizungusha, na hapo huhitaji diski mpya, unahitaji logrotate. Angalia pia df -i, kwa sababu diski inaweza kuwa na nafasi lakini ainodi zimeisha. Na kama df inasema imejaa huku du haioni kitu, andika lsof +L1. Huenda kuna faili iliyofutwa ambayo programu bado imeishikilia, na ukiiwasha upya programu hiyo nafasi inarudi. Nimeona mtu akinunua diski Luthuli Avenue wakati dawa ilikuwa kuwasha upya huduma moja.

Diski mpya iandike katika /etc/fstab kwa UUID yake, usitumie /dev/sdb. Majina hayo hubadilika ukichomeka kitu kingine. Jua pia kwamba ext4 hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya root. Kwenye diski ya mfumo hiyo ni akili nzuri, lakini kwenye diski ya data ya terabaiti nne ni gigabaiti 200 zimekaa bure. Unaweza kuipunguza kwa tune2fs -m 1.

Kunakili ninafanya mara mbili. Mara ya kwanza huduma ikiwa inaendelea, ili sehemu kubwa ivuke bila kumsumbua mtu. Halafu nazima huduma, nanakili tena yaliyobadilika tu:

rsync -aHAX --delete /var/www/mikopo/hati/ /data/hati/

Usisahau mkwaju wa mwisho kwenye njia ya kwanza, la sivyo utapata /data/hati/hati. Kisha:

mv /var/www/mikopo/hati /var/www/mikopo/hati.zamani
ln -s /data/hati /var/www/mikopo/hati

Ile mv ni muhimu. Ukiacha folda ya zamani mahali pake na kuandika ln, simlinki itaingia ndani ya folda hiyo, na programu itaendelea kujaza diski ya zamani huku wewe ukidhani umemaliza. Ile hati.zamani usiifute siku hiyo hiyo. Kama nafasi inaruhusu, iache mpaka bekapu ya kwanza ya mahali papya uifungue kwa macho yako.

Sasa mashimo. La kwanza ni siku diski haijamauntiwa. Stima imepotea, imerudi, seva imewaka, lakini diski ya pili haikuamka. Hapa simlinki ina uzuri wake: kwa kuwa inaelekea /data/hati, na /data ni tupu, anwani haipo, programu inapiga kelele mara moja. Kelele ni rafiki. Lakini kama ulielekeza simlinki kwenye /data yenyewe badala ya folda iliyo ndani yake, hakuna kelele. Programu yenye ruhusa ya kuandika hapo itaandika fomu mpya kwenye diski ndogo, chini ya mahali pa kumauntia, na siku diski ikirudi zitafunikwa na hutaziona. Kwa hiyo daima elekeza kwenye folda ya ndani. Na kabla ya kuimaunti diski, funga lile folda tupu kwa chattr +i /data ili asiwepo msamaria mwema wa kutengeneza folda humo. Ukisha maunti, kufuli hiyo haikusumbui.

Kwenye fstab nami huweka nofail, kwa sababu bila hiyo seva iliyo mbali inaweza kukwama kwenye hali ya dharura usiku na SSH isipatikane. Lakini ukiweka nofail, iambie huduma yako isubiri diski: systemctl edit, kisha chini ya [Unit] uandike RequiresMountsFor=/data.

Shimo la pili ni walinzi. Ubuntu ina AppArmor, ambayo inaangalia njia halisi baada ya simlinki kufuatwa. Utahamisha /var/lib/mysql, ruhusa zote ziko sawa, mwenye faili ni mysql, na bado utaambiwa umekataliwa. Utachanganyikiwa mpaka alfajiri. Dawa ni mstari mmoja katika /etc/apparmor.d/tunables/alias, unaosema kwamba /var/lib/mysql/ sasa ni /data/mysql/. Kwa watu wa Red Hat, SELinux inaangalia lebo, kwa hiyo tumia semanage fcontext na restorecon. Usizime mlinzi kwa sababu ya kuhama nyumba. MariaDB nayo huja na ProtectHome katika faili yake ya systemd, kwa hiyo ukihamishia data chini ya /home haitaiona kabisa, hata ufanye nini na chmod. Na Apache inahitaji ruhusa ya FollowSymLinks.

Shimo la tatu lilimpata rafiki yangu. Alikuwa anasasisha tovuti kwa rsync kutoka kwenye laptopu yake. Kwenye laptopu, folda ya picha ilikuwa folda ya kawaida. Rsync ilipofika kwenye seva ikakuta simlinki mahali palipopaswa kuwa na folda, ikaing'oa, ikaweka folda halisi. Tovuti ikapoteza picha zote kwa mpigo mmoja. Hazikuwa zimefutwa, zilikuwa salama kwenye diski kubwa, lakini karatasi ya mlangoni ilikuwa imeng'olewa. Chaguo la -K lingemwokoa.

Na shimo la nne ndilo langu: bekapu. Hapa wapo watakaoniambia ningetumia bind mount badala ya simlinki. Wana hoja, na siikwepi. Kwa mount --bind, folda inaonekana kuwa folda kweli, na tar yangu ya mwaka 2018 ingeingia na kubeba kila kitu. Nakubali. Lakini kama skripti ingekuwa na --one-file-system, kama zilivyo nyingi, ingeiruka vilevile, tena bila kuacha hata mshale wa kuonyesha kwamba kulikuwa na kitu. Yule kijana aligundua tatizo kwa sababu ls -l ilimwonyesha mshale. Simlinki inasema wazi kwamba imehama. Bind mount inajificha ndani ya fstab, na mtu anayerithi seva usiku wa dharura hasomi fstab kwanza, anaandika ls. Kwa ofisi ndogo zenye mafundi wanaobadilika kila mwaka, mimi nachagua kinachoonekana.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: hakuna simlinki mpya kabla ya kuifungua skripti ya bekapu. Siku unayohamisha folda, siku hiyo hiyo unaongeza /data kwenye orodha ya vinavyohifadhiwa. Sipendi kutumia tar -h inayofuata kila simlinki, kwa sababu inabeba pia vitu usivyovitaka na ukirudisha hupati mpangilio uliokuwepo. Naandika njia halisi kwa jina lake. Mysqldump, mkumbuke, haikuathirika pale sacco, kwa sababu inaiomba data huduma yenyewe na haihangaiki na faili ziko wapi. Ilikuwa folda ya faili za kawaida iliyoniangusha.

Halafu kuna amri hii, ambayo naiweka mwanzoni mwa kila skripti ya bekapu ninayoiandika:

find / -xdev -type l -lname '/data/*'

Inaorodhesha kila simlinki kwenye diski ya mfumo inayoelekea /data, na orodha hiyo inaingia kwenye barua pepe ya asubuhi pamoja na ukubwa wa bekapu ya jana na ya leo. Ukubwa ukishuka ghafla, barua inabadilika kichwa na kuandikwa HATARI. Bekapu iliyopungua kutoka gigabaiti 190 hadi megabaiti mia tatu ilikuwa inaniambia ukweli kila siku kwa miezi saba, na mimi nilisoma neno "imekamilika" tu.

Mwisho, acha maandishi. Naweka faili inayoitwa SOMA-HAPA.txt ndani ya /data: folda gani ilitoka wapi, tarehe, nani aliihamisha, na kwa nini. Mistari minne inatosha. Yule kijana aliyeiandika mikopo ya sacco kwa PHP angeacha mistari minne, nisingalimlaumu mpaka leo. Nami sikuacha hata mmoja, kwa hiyo sina haki ya kumlaumu sana.

Mtaniuliza sacco iliishia wapi. Bado niko nao, walinisamehe. Ile simlinki ipo mpaka leo, sikuitoa, kwa sababu haikuwa na kosa. Chini yake sasa kuna diski mbili zinazoandikwa pamoja, na bekapu inachukua /data kwa jina, nakala moja ikitoka nje ya jengo. Na kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi karani mkuu anachagua mwanachama yeyote kwenye daftari, ananipigia simu, na kuniambia, "Fundi, niletee fomu ya huyu kutoka kwenye bekapu." Haniambii mapema ni nani. Nikishindwa kuileta kabla ya saa sita, chakula cha mchana cha ofisi nzima ni juu yangu.

Mpaka sasa nimelipa mara moja tu. Kama nawe una simlinki kwenye seva ya watu, iandike ile amri ya find leo jioni, halafu ufungue bekapu yako uone kilichomo ndani: mali, au karatasi ya mlangoni.

Hayo ndiyo maoni yangu. Wa LVM, karibuni tubishane. Kwaherini kwa leo.